BIOS na Mipangilio Yake: Kompyuta Inapokataa Kuwaka

Tuchukue mfano wa maabara ya kompyuta katika shule ya kata huko Mlali, wilayani Kongwa, mkoani Dodoma. Kuna kompyuta kumi na mbili za mezani, zote zilizokwisha kutumika mahali pengine kabla ya kufika shuleni. Likizo ya Juni ilipoanza mwalimu alizima swichi kuu ya ukutani, kama inavyotakiwa, na mlango ukafungwa kwa wiki kadhaa. Sasa shule imefunguliwa, wanafunzi wa kidato cha nne wameingia kumalizia kazi zao za vitendo, na kompyuta tatu hazifiki kwenye Windows. Ya kwanza inaonyesha maandishi meupe kwenye skrini nyeusi na kutaka mtu abonyeze F1. Ya pili inasema haioni diski ya kuwashia. Ya tatu inaanza vizuri, nembo ya Windows inatokea, kisha skrini inageuka ya bluu, kompyuta inajizima na kuwaka upya, tena na tena.

Mtu mwenye haraka atasema diski zimekufa, na dawa ni kufuta kila kitu na kusimika Windows upya. Akifanya hivyo, kazi zote zilizohifadhiwa kwenye diski hizo zinapotea, na Novemba haiko mbali. Kumbe diski zote tatu zinaweza kuwa nzima kabisa, na kilichokufa ni betri ndogo yenye umbo la sarafu. Mtahiniwa aliyeelewa mada hii ataweza kueleza jinsi betri hiyo moja inavyoleta dalili tatu tofauti. Aliyekariri tu kirefu cha herufi nne za BIOS hataweza.

Programu iko kwenye chipu moja, mipangilio iko kwingine

BIOS ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mfumo wa msingi wa kuingiza na kutoa data. Ni programu inayokaa kwenye chipu iliyobanwa juu ya bodi mama, ile bodi kubwa ambayo mafundi huiita mazabodi. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, prosesa haijui lolote kuhusu Windows wala diski. Maagizo ya kwanza kabisa inayoyasoma hutoka kwenye chipu hii. BIOS hupima vifaa, huviandaa, hutafuta diski yenye mfumo endeshi, kisha huukabidhi mfumo huo kazi.

Jina hili lilianza kutumika mwaka 1975, katika mfumo endeshi wa CP/M wa Gary Kildall. Kompyuta ya IBM PC iliyotoka Agosti 1981 ilikuwa na BIOS, lakini haikuwa na ukurasa wa mipangilio. Mtumiaji alifungua kasha na kusogeza swichi ndogondogo juu ya bodi ili kuieleza kompyuta ina kumbukumbu kiasi gani na viendeshi vingapi vya diski. Mwaka 1984 ilitoka IBM PC/AT, na humo ndimo mipangilio ilipoanza kuandikwa kwenye chipu ya kumbukumbu inayolindwa na betri.

Hapa ndipo watahiniwa wengi huchanganya, kwa hiyo soma taratibu. Programu ya BIOS imeandikwa kwenye chipu ya aina ya flashi, ambayo haihitaji umeme ili kutunza kilichomo. Ukiitoa betri na kukaa mwaka mzima, programu ya BIOS itabaki pale pale. Mipangilio uliyoichagua wewe, kama vile tarehe, saa na diski ya kuwashia, kwa desturi huwekwa kwenye kumbukumbu ndogo iitwayo CMOS. Hilo ni jina la teknolojia ya kutengeneza chipu zinazotumia umeme kidogo sana. Kumbukumbu hii husahau kila kitu umeme wake ukikatika, na ndiyo sababu ikapewa betri. Kwa hiyo sentensi kama "betri ikiisha BIOS hufutika" si sahihi. Kinachofutika ni mipangilio, na BIOS hurudi kwenye ile iliyowekwa na kiwanda.

Kompyuta za miaka ya karibuni zimeongeza jambo moja. Nyingi huhifadhi sehemu kubwa ya mipangilio kwenye chipu ya flashi yenyewe, na betri hubaki na kazi ya kuendesha saa. Ndiyo maana betri ikifa katika kompyuta mbili za umri tofauti, moja inaweza kupoteza tarehe tu na nyingine ikapoteza kila kitu.

Betri ya sarafu na hesabu yake

Betri inayotumika zaidi kwenye bodi mama za kompyuta za mezani ni CR2032. Jina lake linajieleza: kipenyo chake ni milimita 20 na unene wake ni milimita 3.2. Hutoa volti 3. Karibu nayo kuna fuwele inayotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikuchaguliwa kwa bahati. Igawe kwa mbili mara kumi na tano nawe utapata 1, yaani pigo moja kwa kila sekunde, na hivyo ndivyo saa ya kompyuta inavyohesabu.

Uwezo wa betri hii ni takribani miliampea-saa 225. Tuchukulie saa na kumbukumbu ya CMOS hutumia maikroampea 5 kwa pamoja. Miliampea-saa 225 ni sawa na maikroampea-saa 225,000. Gawanya kwa 5, utapata saa 45,000. Gawanya kwa 24, utapata siku 1,875, yaani miaka mitano na kidogo.

Sasa angalia jambo ambalo mara nyingi halisemwi. Kompyuta ya mezani ikiwa imechomekwa ukutani na swichi imewashwa, hata kama yenyewe imezimwa, umeme mdogo hufika kwenye bodi mama na saa huendeshwa kwa umeme huo. Betri inapumzika. Ukizima swichi kuu ya chumba, betri ndiyo inayobeba kazi yote. Maabara inayozimwa kila jioni, kila mwisho wa juma na kila likizo huzila betri zake upesi kuliko ofisi ambayo umeme haukatwi. Simaanishi kwamba mwalimu wetu wa Mlali alikosea, maana umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika unaweza kuunguza kompyuta, na kompyuta ni ghali kuliko betri. Ila kompyuta kumi na mbili zenye umri mmoja, zilizozimwa kwa wiki zile zile, zitachoka betri kwa kufuatana. Usishangae zikiwa tatu kwa asubuhi moja.

Kurudi kwenye kompyuta zetu tatu

Umeme unapowashwa, BIOS hufanya kwanza ukaguzi uitwao POST: prosesa, kumbukumbu ya RAM, kadi ya picha, kibodi. Hitilafu ikitokea kabla skrini haijawa tayari, BIOS hutoa milio. Maana ya milio hiyo hutofautiana kwa kila mtengenezaji wa BIOS, kwa hiyo usikariri orodha ya mmoja ukadhani ni ya wote.

Kompyuta ya kwanza ilipita ukaguzi, ila BIOS ilikuta yaliyomo kwenye CMOS hayalingani na hesabu yake ya uhakiki, ikasimama na kuuliza. Ukibonyeza F1 itaendelea na huenda ikafika Windows, lakini tarehe itakuwa ya miaka mingi iliyopita. Usilichukulie hilo kuwa jambo dogo. Tovuti salama huwa na cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta inayodhani leo ni mwaka 2010 itakikataa cheti hicho, na mwanafunzi atalalamika kwamba intaneti haifanyi kazi wakati mtandao hauna tatizo lolote.

Ya pili imerudi kwenye mfuatano wa kuwashia wa kiwandani. Labda sasa inatafuta kwanza mtandao, au flashi, au inasubiri diski iliyoandaliwa kwa mtindo mwingine. Kabla ya kwenda mbali, tazama matundu ya USB. Flashi iliyosahauliwa na mtu hutoa dalili ile ile, na kuichomoa ni kazi ya sekunde moja.

Ya tatu ndiyo inayowapoteza wengi. Bodi mama huongea na diski kwa namna zaidi ya moja, na namna hiyo huchaguliwa kwenye BIOS. Zinazoonekana sana ni IDE, AHCI na RAID. Windows ilipokuwa inasimikwa ilijiandaa kwa namna iliyokuwepo siku ile, tuseme AHCI. Betri ilipokufa, BIOS ikarudi kwenye chaguo la kiwanda, tuseme RAID. Windows inaanza, inageuka kuitafuta diski yake kwa njia iliyoizoea, haiioni, na skrini inakuwa ya bluu. Faili zote zipo. Ukirudisha chaguo lilivyokuwa, Windows itawaka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Unajuaje kwamba si diski iliyokufa? Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio utazame mambo mawili. Kwanza, tarehe: kama ni ya zamani, shuku betri kabla ya kushuku diski. Pili, orodha ya vifaa: kama jina la diski na ukubwa wake vinaonekana, basi diski inaitika. Kuitika hakuthibitishi kwamba ni nzima kwa asilimia mia, lakini kunatosha kumzuia mtu asiifute. Nimewahi kumwona fundi akifuta diski ya namna hii huku mwenye kazi zake amesimama pembeni anaangalia. Tarehe ilikuwa imeandikwa pale pale juu ya skrini, imekosewa kwa zaidi ya miaka kumi, na hakuna aliyeisoma.

Kuingia na kutoka

Ukurasa wa mipangilio hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe fulani mara tu baada ya kuwasha, kabla ya nembo ya Windows. Vitufe vya kawaida ni Del, F2 na F10, na kampuni nyingine hutumia Esc au F1. Mara nyingi skrini yenyewe hukitaja kwa sekunde chache. Ndani yake menyu zimeandikwa kwa Kiingereza, na katika nyingi utasogea kwa mishale ya kibodi. Kutoka kuna njia mbili, kuhifadhi ulichobadilisha au kutupa ulichobadilisha. Ukiwa na shaka, tupa.

Kanuni ya kazi ni hii: badilisha kitu kimoja, hifadhi, washa upya, tazama matokeo. Kabla ya kubadilisha, andika kwenye daftari la maabara chaguo lilivyokuwa, au lipige picha kwa simu ya mwalimu. Shule ya Mlali ingekuwa na daftari hilo, kompyuta ya tatu ingepona kwa dakika mbili. Bila daftari itabidi kujaribu AHCI, kisha namna nyingine, moja baada ya moja. Kujaribu huko hakufuti data, ilimradi usikubali ombi lolote la kuunda safu mpya ya diski.

Mipangilio ya juu inayostahili kueleweka

Mfuatano wa kuwashia tumeshauona. Kwa maabara ya shule, ninashauri diski ya ndani iwe ya kwanza na kuwashia kwa flashi kuzimwe. Flashi za wanafunzi hutembea kutoka steshenari hadi bwenini, na virusi hutembea nazo.

Nywila ya BIOS ipo ya aina mbili. Moja huzuia kompyuta isiwake, nyingine huzuia mtu asiguse mipangilio, na hii ya pili ndiyo inayofaa maabara. Lakini usiandike kwenye mtihani kwamba nywila hii hulinda faili. Haizifichi. Mtu akiitoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine, atazisoma zote kama hazijasimbwa. Tena kwenye kompyuta nyingi za mezani nywila hufutwa kwa kuondoa betri au kwa kuhamisha kifungo kidogo cha kuunganishia pini mbili juu ya bodi, hivyo kufuli la kasha nalo ni sehemu ya ulinzi. Katika kompyuta mpakato nyingi nywila hukaa kwenye chipu nyingine, na kuondoa betri ya sarafu hakutasaidia. Mwanafunzi anayeweka nywila yake kwa mzaha anaweza kuifungia shule kompyuta moja kwa muhula mzima.

Umeme ukirudi, kompyuta ifanye nini? BIOS nyingi zina chaguo hili: ibaki imezimwa, iwake yenyewe, au irudi kwenye hali iliyokuwa nayo. Seva inayohudumia wengine huwekwa iwake. Kwa kompyuta za maabara, ziache zibaki zimezimwa, hasa wakati wa mvua za Desemba hadi Aprili ambapo radi hukata umeme na kuurudisha mara kadhaa kwa alasiri moja.

Joto na feni huonekana pia kwenye BIOS: nyuzi joto za prosesa na mizunguko ya feni kwa dakika. Wilaya ya Kongwa ina udongo mwekundu uliosaga majembe ya matrekta ya mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947, na vumbi la udongo huo huo leo hujaa kwenye vipoza joto. Ikiwa BIOS inaonyesha prosesa ina joto kali wakati haifanyi kazi yoyote, usikimbilie kubadilisha mpangilio wa feni. Zima, chomoa waya, fungua, safisha.

Kuongeza kasi ya prosesa kupita kiwango cha kiwanda ni jambo linalowavutia vijana, na baadhi ya bodi mama huliruhusu. Fizikia inakupa jibu. Umeme unaogeuka joto ndani ya prosesa huongezeka kwa uwiano wa kasi, na kwa uwiano wa kipeo cha pili cha volti. Tuseme umepandisha kasi kutoka gigahezi 3.0 hadi 3.6, na ili isitetereke ukapandisha volti kutoka 1.2 hadi 1.4. Kasi imeongezeka mara 1.2. Kipeo cha pili cha volti kimeongezeka mara 1.36. Zidisha: 1.63. Umepata kasi zaidi kwa asilimia 20, na joto zaidi kwa asilimia 63, tena mwezi wa Novemba chini ya bati. Kwa maabara ya shule hiyo ni biashara ya hasara.

UEFI ni mrithi wa BIOS ya zamani, na umoja wa makampuni unaosimamia viwango vyake uliundwa mwaka 2005. Katika mazungumzo bado huitwa BIOS, na sioni ubaya. Tofauti unayoweza kuulizwa ni ya ukubwa wa diski. Mtindo wa zamani wa kugawa diski, uitwao MBR, huhesabu vipande kwa namba ya biti 32, na kila kipande kina baiti 512. Vipande 4,294,967,296 mara baiti 512 ni takribani terabaiti 2.2, na baada ya hapo mtindo huo hauoni kitu. UEFI hutumia mtindo wa GPT usio na kikomo hicho. UEFI pia inaweza kukagua saini ya mfumo endeshi kabla ya kuuwasha, ulinzi unaoitwa Secure Boot.

Kusasisha programu yenyewe ya BIOS

Hili ni tofauti na kubadilisha mipangilio, kwa sababu sasa unaandika upya ile chipu ya flashi. Umeme ukikatika katikati, chipu inabaki na nusu ya programu, na bodi mama inaweza isiwake tena. Betri ya sarafu haisaidii hapa, wala kurudisha mipangilio ya kiwanda, maana programu ya kuirudishia haipo. Tarehe 26 Aprili 1999 kirusi kiitwacho CIH kiliandika takataka kwenye chipu za BIOS za baadhi ya kompyuta duniani, na wenyewe wakajikuta na bodi zisizoamka. Usisasishe BIOS bila sababu inayojulikana, bila faili iliyotolewa kwa ajili ya bodi ile ile hasa, na bila kifaa cha UPS chenye chaji.

Angalizo la kubadilisha betri: zima, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe. Gusa sehemu ya chuma ya kasha kabla ya kugusa bodi. Hewa kavu ya kiangazi cha Dodoma huongeza umeme tuli mwilini, na chipu huweza kuharibika kwa mguso ambao wewe hukuusikia. Upande wenye alama ya kujumlisha kwa kawaida hutazama juu. Ukimaliza, ingia kwenye mipangilio, weka tarehe na saa, kisha urudishe chaguo la diski lilivyoandikwa kwenye daftari.

Maswali ya kujipima

1. Juma anasema betri ya CMOS ikiisha, kompyuta hupoteza BIOS. Msahihishe.
Jibu: Programu ya BIOS iko kwenye chipu ya flashi isiyohitaji umeme kutunza data. Kinachopotea ni mipangilio na saa, na BIOS hurudi kwenye mipangilio ya kiwandani.

2. Kwa nini kompyuta yenye tarehe isiyo sahihi hushindwa kufungua tovuti salama?
Jibu: Cheti cha tovuti huwa na muda wake. Tarehe ya kompyuta ikiwa nje ya muda huo, cheti huonekana hakijaanza kutumika au kimekwisha.

3. Kompyuta inaonyesha nembo ya Windows kisha skrini ya bluu. Ukurasa wa BIOS unaonyesha jina na ukubwa wa diski, na tarehe ni ya miaka kumi iliyopita. Eleza utakachofanya kwa mfuatano.
Jibu: Sitasimika Windows upya, kwa kuwa diski inaitika na tarehe inaonyesha betri imekufa. Nitazima na kuchomoa waya, nitaweka betri mpya, nitawasha na kuingia kwenye BIOS, nitaweka tarehe na saa sahihi, nitarudisha namna ya kuongea na diski iliyokuwepo wakati Windows iliposimikwa, kisha nitahifadhi na kuwasha upya. Windows ikiwaka, jambo la kwanza nitanakili kazi za wanafunzi kwenye flashi.